Mvua Inayoomba Ruhusa

Saa tatu asubuhi, jua linawaka bila aibu, na Mama Mvua yuko jikoni mwa ukumbi akijaza mawingu maji ya bomba.

Mawingu yenyewe ni chupa za kunyunyizia, zile za vinyozi. Kando yake kuna feni ya upepo, bati la kutikisa liwe radi, na beseni la udongo mkavu ambao ukilowa hunukia kama nje kumenyesha kweli. Kwa mamlaka hayo mazito, mama huyu anatawala hali ya hewa ya jukwaa zima.

Watazamaji wake ni vijana wenye ulemavu. Asiyeona huinusa mvua. Asiyesikia huweka kiganja kwenye bati, radi ikampitia mkononi.

"Mchezo wa kutazama tu ni nusu mchezo," anasema. "Nusu nyingine iko kwenye ngozi."

Sheria yake ni moja: mvua haimnyeshei mtu kabla hajaionja chupa kwa jicho au kwa mkono, akakubali. Wiki iliyopita aliivunja mwenyewe. Ngoma zilimnogea, akamnyunyizia kwa nyuma binti mmoja asiyezungumza, anayetumia kiti cha magurudumu. Binti alilia mpaka yeye na bibi yake wakaondoka.

Leo amerudi na bibi yake, ambaye hakuja kubembeleza mtu.

"Akilia tena, hamtuoni hapa."

"Sawa, mama. Kosa lilikuwa langu."

"Kosa nalijua. Nimekuja kuangalia akili."

Wakati wa mvua unafika. Mama Mvua anapiga magoti mbele ya binti, anajinyunyizia kiganja chake mwenyewe, kisha anasubiri. Waigizaji, miavuli wazi, wanasubiri nao, wima kama wako kwenye gwaride.

Binti ananyoosha mkono polepole. Anaichukua chupa. Anamlenga Mama Mvua usoni na kummiminia masika yote.

Bibi anacheka mpaka anashika ubavu. "Oga, mwanangu. Ulikuwa unadaiwa."

Chupa hairudi. Mchezo unakwisha mwigizaji wa mfalme akiwa amelowa chapachapa kwa mvua ya binti, taji na yote.

Akijifuta, Mama Mvua anatangaza mabadiliko serikalini: mchezo ujao, mvua itakuwa mikononi mwa binti.

"Umemuuliza?" bibi anahoji.

"Nimemuuliza. Kaninyunyizia tena."

"Basi hiyo ndiyo 'ndiyo' yake. Na wewe?"

"Nahamia kwenye radi. Huko nitakuwa mkavu."

Nyuma yake, binti ameshafika kwenye bomba, chupa mkononi.