Kitambaa Chekundu cha Jerikani

Nilibadilisha karatasi za majina kwenye vichupa viwili. Basi, ndilo kosa lenyewe, na halikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Mwalimu wetu wa sayansi aligeuka kutafuta sweta lake, nami nikazibandua na kuzibandika upya. Kichupa kimoja kilikuwa na maji ya chemchemi yetu ya bondeni Kansanga. Cha pili kilikuwa na maji ya birika la mwalimu, yale anayoyachemsha mwenyewe na kuyanywa kwa maringo. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na kikaratasi chenye dawa: maji yakiwa na kinyesi, baada ya siku mbili yanageuka meusi. Nilitaka darasa zima lione maji ya mwalimu yamekuwa wino. Tungecheka, ningekiri, ningechapwa, mambo yangeisha.

Mwalimu ndiye aliyeanzisha klabu yetu ya mazingira. Ndoto yake alitulisha kila Ijumaa: milingoti mirefu yenye mapanga isimamishwe ndani ya ziwa, mbali na ufuko wa Ggaba, upepo uyazungushe hayo mapanga, umeme wake utunzwe kwenye mabetri makubwa, ili hata upepo ukilala pampu isilale, na maji yaliyosafishwa yapande hadi kwetu. Mimi niliiita feni za kupoza samaki. Lakini barua ya kuomba jambo hilo niliinakili mimi, maana mwandiko wangu ni mzuri kuliko tabia yangu. Ilibaki watu wa mtaa waweke vidole gumba, na vichupa ndivyo vingewashawishi.

Vilihitaji joto, kwa hiyo mwalimu alivifunga ndani ya sweta na kuviweka kabatini. Nilidhani atavifungua darasani. Kumbe Jumamosi alivibeba hivyo hivyo hadi chemchemini, akavifungua mbele ya mwenyekiti wa mtaa na watu wenye majerikani, mama yangu akiwemo.

Cha chemchemi kilikuwa cheupe. Cha mwalimu, cheusi tii.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "kumbe mwenye kunywa choo ni wewe."

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akalikalia jerikani lake.

"Sasa hizo feni za ziwani za nini?" mwenyekiti akaendelea. "Maji iko safi. Huo upepo peleka kwako, ukaushe birika."

Mwalimu akaniangalia. Tulikuwa wanafunzi tisa pale, sijui kwa nini mimi. Hapo ndipo ningesema. Lakini kile kicheko kilikuwa kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukisababisha, na kilikuwa changu, hata kama hakuna aliyejua. Nikanyamaza ili kiendelee. Barua ilirudi shuleni bila kidole hata kimoja.

Nyumbani tuna majerikani mawili ya manjano, yanafanana kama mapacha. Lenye kitambaa chekundu mpinini ni la maji yaliyochemshwa. Lisilo na kitambaa ni la kuogea. Mama alikuja na desturi hiyo kutoka Kongo, na mdogo wangu wa miaka minne aliijua kabla hajajua jina lake vizuri. Jioni ile mama alirudi akiimba. Akakifungua kitambaa, akakitumia kuepulia sufuria.

"Mama, endelea tu kuchemsha."

"Kwa nini, papa?" Ndivyo anavyoniita akifurahi, kama mtoto wa kiume anavyoitwa kwao. "Si ulikuwepo? Makaa yamekuwa ghali, Mungu ametuonea huruma."

"Yakichemshwa yanakuwa na ladha ya nyama."

Akacheka. Hata hapo nilikuwa nachekesha.

Mimi nilikunywa maji ya shuleni. Mdogo wangu hajaanza shule.

Wiki ilikuwa haijaisha alipoanza kuharisha, kisha homa ikampanda, kisha akaacha kulia, na huko kuacha kulia ndiko kulikomwogopesha mama. Akamfunga mgongoni, tukapanda naye hospitali, Nsambya. Daktari aliuliza mtoto anakunywa maji gani.

"Safi, daktari," mama akajibu. "Yamepimwa."

Nilimwambia nje ya wodi, tumesimama karibu na ukuta. Nilisema yote, karatasi, birika, kicheko, nikashangaa habari yenyewe ilivyokuwa fupi. Mama hakunipiga. Alitazama kupitia mlangoni, mtoto amelala na dripu mkononi, macho yameingia ndani. Kisha akanipa kile kitambaa chekundu, ambacho alikuwa akimpangusia jasho, kikiwa bado kina majimaji.

"Mimi nabaki na mtoto," akasema. "Wewe shuka chemchemini, ukifunge hiki kwenye bomba linalotoa maji, wajue ni ya kuchemshwa kwanza, ukae hapo. Kila atakayekuja na jerikani mwambie uliyoniambia mimi. Anza na mwalimu wako. Na usiwachekeshe."