Fungu la Mwalimu Atupele

Usiku ule sikulala, na Mwalimu Atupele hakulala. Ukuta mmoja wa tofali ndio uliotutenganisha. Yeye alikuwa akisubiri barua pepe kutoka kwa waajiri wake, walioko nchi ambako usiku wetu ni mchana wao. Mimi nilikuwa nikiomba barua hiyo isije na balaa, maana kosa lilikuwa langu na alikuwa bado hajalijua. Kila kiti chake kilipolia, niliinuka nikakaa kitako kitandani.

Watu wa Maili Moja wanamjua kwa sura tu: yule dada mwembamba, nguo zimenyooshwa, hakai barazani. Kwao ni Tukuyu. Alikuja Kibaha kufundisha Kiswahili katika sekondari moja ya binafsi, upande wa Kwa Mathias, akapanga chumba kwangu. Mwaka wa tatu shule ikapunguza walimu. Nilidhani atafunga virago arudi kwa mama yake, anayemlelea binti yake Margareth, wa miaka sita. Hakurudi. Alinunua kompyuta iliyotumika, akatundika kitenge ukutani kuficha rangi iliyobanduka, akaanza kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Juu blauzi iliyopigwa pasi, chini kanga na ndala.

Nilimsikia kupitia ukutani: "Sema tena, ng'ombe. Hapana, siyo gombe." Kuna mzee mmoja wa huko Ulaya, mvi tupu, kila kipindi alianza na "Shikamoo, mwalimu." Atupele alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, babu. Leo umenizeesha."

Nyumba yangu ina vyumba sita na intaneti moja, tunachangia kama umeme. Zamani kila mtu alijichotea anavyotaka. Vijana wakiangalia mpira, picha ya Atupele iliganda mdomo wazi mbele ya wanafunzi wake. Ndipo akanunua ruta kubwa nyeusi yenye antena nne, akaiweka sebuleni kwangu juu ya kabati la vyombo. Mimi niliishia darasa la saba. Alikaa nami jioni tatu kunielekeza kwenye simu.

"Chukulia ni simtanki, mama. Maji ni yale yale. Ila hii inalijua bomba la kila chumba, inaweza kulibana au kulifungua. Saa za vipindi bomba langu linatangulia. Nikimaliza, tunagawana sawa."

"Kwa nini unanikabidhi mimi?"

"Wewe huangalii mpira, na usingizi huna. Utalinda kuliko polisi."

Nililinda kweli. Simu za nyumba nzima niliziona kwa majina kwenye simu yangu. Chumba cha nne wakianza kuvuta sinema mchana, niligonga mlango wao kabla haijafika nusu. Wakaniita Mama Mita. "Zima, zima, Mama Mita kaamka!" Sikujali.

Mwezi uliopita wakubwa wa Atupele wakampangia siku ya kupimwa: Jumamosi saa kumi alasiri, somo la saa nzima, msimamizi akitazama. Akifaulu, mkataba wa mwaka. Akishindwa, wanamwondoa. Alishanunua kitanda kidogo cha mbao, akakiegemeza ukutani, kikimsubiri Margareth.

Jumatano ya wiki hiyo shemeji yangu Abdala, mdogo wa marehemu mume wangu, mkulima wa korosho kule Masaki, Kisarawe, akafia kwangu alikokuja kwa matibabu. Tulimzika Masaki Alhamisi. Mkewe alishatangulia na nyumba yake haikuwa na wa kupokea watu, hivyo wazee wakaamua tanga lianuliwe kwangu. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.

Ijumaa Atupele alinijia. "Pole tena, Mama Kudra. Kesho nihamie kwa rafiki yangu?"

"Kaa, mwanangu. Bomba lako nimelishika mimi."

Akakaa.

Jumamosi saa kumi ua ulikuwa umejaa. Mgeni wa msiba hanyimwi kitu, kwa hiyo kila aliyeniuliza neno la siri la intaneti nilimtajia. Sheikh alikuwa anaanza dua. Badru, mtoto wa marehemu, aliinua simu ili kaka yake Abdulaziz, aliyeko Muscat na aliyekosa maziko, naye aitikie.

"Mama mkubwa, mbona kaka kaganda kama sanamu?"

Wifi yangu Saida akageuka, watu wote wakisikia. "Mwulize Mama Mita. Wifi, siku hizi hata hewa unaipima kwa kibaba? Kijana anamlilia baba yake, wewe unamtunzia mpangaji?"

Wanawake wakaguna. Nilijisikia kama nimevuliwa kanga hadharani. Nikaiingiza simu chini ya mtandio, nikalibana bomba la Atupele, nikalifungua la wageni lote. Nilijiambia, dua ni dakika kumi.

Na kweli ilikuwa dakika kumi. Badru akafuta machozi, akamuaga kaka yake. Lakini vijana wengine walihamia kwenye mpira, pilau ikapakuliwa, na Saida alikuwa bado anaitazama mikono yangu. Niliona haya kuitoa simu. Kupitia dirishani nilimsikia Atupele: "Mnanisikia? Samahani, mnanisikia sasa?" Kisha ujumbe wake ukaingia: "Mama, kuna nini?"

Nikamjibu: "Ni kampuni ya intaneti. Hata huku hakuna."

Nilipolirudisha bomba lake ilikuwa saa kumi na dakika hamsini.

Magharibi, wageni walipotawanyika, alikuja sebuleni. Hakulia.

"Nimewaandikia kwamba ni kampuni. Wanataka ushahidi, halafu wataamua usiku huu."

"Ushahidi gani tena?"

"Ruta inaandika kila kitu, mama. Nitautoa humo." Akalishika bega langu. "Usihangaike. Wewe umefiwa."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo, nikamwambia Mungu atasaidia.

Alfajiri nilichemsha chai ya tangawizi, nikaenda mlangoni kwake. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, mwanga ukipenya kwenye ufa.

"Hodi, mwanangu."

Nikausogelea ufa.

"Atu, nina neno nataka kukwambia."

"Saa kumi na dakika saba, Mama Kudra." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa simu yako. Imeandikwa."

"Ilikuwa dua. Nilisema ni dakika kumi."

"Ungenigongea tu. Ningewaambia nyumbani kuna msiba, wangenipangia siku nyingine. Msiba hata wao wanaujua. Sasa nimewapa uongo, na sina cha kuwaonyesha."

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Wameniondoa."

Nikasikia kitanda kidogo kikiburutwa sakafuni, kisha ndala zikija mlangoni. Nikakigeuza kikombe mkononi ili nimpe vizuri, upande wa kushikia. Ndala zikasimama. Mlango ukasukumwa mpaka mwanga ukakatika, na ufunguo ukazungushwa mara mbili.