Dobi Aliyenyoosha Sauti ya Kaka Yake

Mtaa mzima ulimwita Nyoosha, na hata mkewe, siku akiwa na furaha, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya meza ile ile ndefu, pasi mkono wa kulia, chupa ya kunyunyizia maji mkono wa kushoto, na hakuna shati lililowahi kutoka kwake likiwa na mkunjo. Wateja walitania kwamba kola alizozipiga pasi yeye zingeweza kusimama zenyewe bila shingo ya mtu.

Goti lake lilipoanza kugoma, akawa anafunga duka saa nane mchana. Wiki mbili za kwanza alizunguka nyumbani akizipiga pasi hata taulo za jikoni. Wiki ya tatu, mteja mmoja aliyekuwa akihama mji alimwachia kompyuta yake ya zamani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuhariri video, ya watu wa kawaida, ya kutengenezea video za nyumbani. Nyoosha akaifungua kwa udadisi tu. Jioni ile mkewe ilibidi amwite mara tatu aje ale.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya dakika mbili: mkewe akimwagilia maua yaliyopandwa kwenye madebe. Aliitia madoido yote aliyoyakuta humo. Ukurasa ulifunuka, nyota zikamwagika, moyo mwekundu ukapasuka katikati na maua yakatokea ndani yake.

"Nyoosha," mkewe alisema ilipokwisha, "nimeshikwa na kizunguzungu, na mimi ndiye niliyekuwamo."

Baada ya hapo akatulia. Nyota akaziacha. Alichokipenda hasa ni kukata. Unakiona kikohozi cha mtu, unakikata. Vipande viwili vilivyobaki vinasogeleana na kushikana, na huwezi kujua kwamba pale paliwahi kuwa na kitu. Alikata migongo ya watu waliopita mbele ya kamera. Alikata "eti imeshawaka?" na "nishike wapi?" Alimkata shangazi aliyekuwa akitafuta kiatu chini ya kochi. Video zikatoka safi kabisa.

"Safi mno," mkewe alisema. "Humu sote tumekuwa kama watu wa tangazo la sabuni."

Yeye aliona amesifiwa.

Siku moja binti wa kaka yake akapiga simu kutoka mbali, kule anakoishi na mumewe. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Baba mdogo, nina ombi. Mrekodi baba akisimulia siku niliyozaliwa mimi. Nataka mtoto aje aisikie sauti ya babu yake."

Kaka yake Nyoosha, fundi saa, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na katika maisha yake hakuwahi kukubali kurekodiwa. Kwenye sherehe, kipaza sauti kikianza kuzunguka mezani, yeye huinuka kwenda msalani. Kwenye simu aliandika ujumbe. Hakuna aliyewahi kupokea sauti yake.

"Atakataa, mwanangu."

"Mwambie ni mimi ninayeomba. Kwangu hakatai."

Kweli, hakukataa. Lakini aliweka sharti, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Mara m-moja tu, mdogo wangu. Ikitoka vibaya, basi. Usiniombe tena."

Jumamosi mchana wakarekodi. Nyoosha aliisimamisha simu juu ya kabati dogo, ikiegemea kopo la sukari, akamkalisha kaka yake kwenye kiti kilichotazama dirisha. Kaka mtu akasimulia kwa dakika arobaini na moja. Alikwama, akafuta jasho, akaendelea, akakwama tena. Muda wote huo Nyoosha alikuwa akiitazama simu isije ikateleza.

Wiki nzima iliyofuata aliifanyia kazi ile video. Chini ya kioo, programu huichora sauti kama vilima na mabonde, na pale kaka yake alipokwama, vilima vilikuwa vidogo vidogo, vimebanana, kama kitambaa kilichokaliwa kikiwa kibichi. Hakuhitaji hata kusikiliza. Sauti aliizima kabisa, maana mkewe alikuwa na kipindi chake redioni, akakata kwa macho. Kilima, kilima, kilima, kata. Alifanya kazi kwa upendo, na hilo lisisahaulike. Alikuwa akikumbuka darasa la saba, watoto wakimwigiza kaka yake uwanjani, na yeye mdogo hata kuingia shule bado, amesimama nje ya uzio asijue la kufanya. Sasa alijua. Mikunjo yote ya miaka sitini na sita ilikuwa mbele yake, na chombo alikuwa nacho mkononi.

Dakika arobaini na moja zikawa kumi na tatu.

Mkewe ndiye aliyeitazama kwanza. Ilipokwisha akasema, "Mh."

"Mh nini?"

"Shemeji amekuwa mtangazaji wa habari."

"Si vizuri?"

"Sijasema vibaya. Nimesema mh."

Kaka mtu alipokuja kuitazama, aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Mle ndani mtu mwenye uso wake alifungua mdomo na maneno yakatoka, moja nyuma ya jingine, bila kugongana. Fundi saa hakutikisika. Ilipofika mwisho akasema, "Rudisha." Akaitazama tena. Mara ya tatu aliugusa uso wake kwenye kioo kwa ncha ya kidole.

"Huyu ni m-mimi?"

"Ni wewe, kaka. Sikuongeza hata neno moja."

"Niwekee kwenye simu yangu."

Akawekewa. Akatoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya na anajua kwamba watu wameviona. Nyoosha alimtazama kutoka dirishani mpaka akapinda kona, kisha akaituma video kwa yule binti na kulala usingizi mzito wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Kesho yake saa tisa simu ikalia. Akaiweka sauti ya juu ili mkewe naye asikie sifa.

"Baba mdogo, ahsante," binti alisema. "Picha nzuri, baba amependeza. Lakini nesi umemfanya nini?"

"Nesi yupo. Dakika ya tisa."

"Yupo. Anafanya nini?"

Nyoosha akaifungua kompyuta na kuitafuta ile dakika. Kaka yake alisema, laini kama maji: "Nesi akaniuliza, wewe ni nani kwa huyu mgonjwa? Nikamjibu, baba wa mtoto. Akanifungulia mlango." Yote hayo yalichukua sekunde saba.

"Umesikia?" binti aliuliza.

"Nimesikia. Kuna ubaya gani?"

"Baba mdogo, pale ndipo ilipo hadithi yenyewe. Nesi alimwuliza, na baba akakwama. Neno 'baba' lilikataa kutoka. Nyuma yake foleni, watu wanacheka, mlinzi ameshamshika mkono amtoe. Nesi akaweka kalamu chini, akamwambia mlinzi amwachie, akasubiri. Alisubiri mpaka neno likatoka. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kujiita hivyo." Sauti yake sasa ilikuwa na kicheko ndani. "Amenisimulia hiyo tangu sijui kusoma. Na kila akisimulia hukwama palepale. Mimi nilikuwa napigapiga miguu kitandani kwa furaha, maana nilijua hapo sasa nakaribia kuja. Kwenye video yako mlango unafunguka tu, kama wa duka. Mimi nimezaliwa lini?"

Nyoosha aliangalia kile kioo, vile vipande vyake vilivyoshikana bila alama.

"Nilitaka atoke vizuri, mwanangu."

"Najua, baba mdogo. Wala sijakasirika. Naomba tu ile ya kwangu."

Simu ilipokatwa, mkewe akamletea kofia yake.

"Ya nini?"

"Ya kwenda kwa kaka yako."

"Si naweza kurekebisha hapa hapa, kimya kimya, nikatuma?"

"Mara ya kwanza ulimnyoosha bila kumwuliza. Sasa unataka kumkunja bila kumwuliza?"

Kibanda cha fundi saa kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Nyoosha alipofika alimkuta kaka yake na lenzi jichoni, na simu imeegemezwa kwenye kioo cha meza. Video ilikuwa ikicheza. Jirani yake, muuza miwani, alikuwa ameinama kuitazama.

"Msikilize huyo!" muuza miwani alimwambia Nyoosha. "Miaka yote hii tumekaa na waziri hapa, hatujui!"

Fundi saa alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Nyoosha hakuwa amewahi kumwona akicheka hivyo mbele ya watu. Ikamwia vigumu. Alisubiri jirani apate mteja, kisha akasema.

"Kaka, mwanao ameiona."

"Eh!"

"Anaitaka ile ya nesi."

"Si imo?"

"Imo, lakini nimeikata. Pale ulipokwama, nimepakata pote. Sikusikiliza. Nilikuwa nakata kwa macho."

Fundi saa akaizima simu. Akachukua skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, akaiweka mahali pake, akaikaza. Nyoosha alitamani amtukane, wamalize.

"Unajua, mdogo wangu," kaka mtu alisema bila kuinua macho, "miaka sitini na sita s-sijawahi kumsikia huyu bwana. Nilidhani hayupo."

"Nisamehe, kaka. Ningekuuliza."

"Nikusamehe nini? Umenishonea suti." Akaifunga saa mgongoni, akaitikisa sikioni, akaridhika. "Nimependeza. Lakini m-mjukuu atabebwa na mtu aliyevaa suti? Atamtapikia." Akanyanyua uso. "Ile ya kwanza ipo? Au umeitupa?"

"Nimetupa lini kitu cha mteja?"

"Basi twende. Ila hii ya suti usiifute. Hii ni yangu."

Akafunga kibanda saa nzima kabla ya muda wake, na muuza miwani akauliza kama kuna msiba.

Nyumbani waliketi bega kwa bega mbele ya kompyuta. Nyoosha alimwonyesha: ukikamata ukingo wa kipande na kuuvuta, kilichokatwa kinarudi. Akauvuta ukingo wa dakika ya tisa. Kipande kikarefuka, kikarefuka, vile vilima vidogo vikatokea kimoja kimoja. Safari hii aliifungua sauti.

Nesi akaniuliza, wewe ni nani kwa huyu mgonjwa? Na kaka yake, kwenye kioo, akafunga macho. Midomo ikakutana, ikakataa kuachana. Vidole vilipiga goti taratibu. Nyuma yake, humo humo kwenye video, mlango ulifunguka, mke wa Nyoosha akatokea na sinia la chai, akaona, akasimama palepale mguu mmoja ndani. Vikombe havikugongana. Alisimama hivyo, mvuke ukipanda mbele ya uso wake, mpaka neno likatoka, baba, na mtu kwenye kiti akafungua macho na kutabasamu kama aliyepewa kitu mkononi. Ndipo mke akaingiza mguu wa pili.

Nyoosha alikuwamo chumbani siku ile. Hakuona lolote.

Fundi saa alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto, ilipokuwa saa. "Sekunde kumi na tisa," alisema. "Siku yenyewe z-zilikuwa nyingi zaidi."

Wakaendelea mpaka chai ya pili. Sasa kaka mtu ndiye aliyeamuru, na hakuwa mpole.

"Hapo toa. Hapo nilikuwa natafuta leso."

"Na hapa?"

"Acha. Hapo nilimkumbuka m-mama yake."

"Hapa je? Umekwama mara mbili."

"Toa moja. Tusimchoshe mtoto."

"Ipi?"

"Wewe ndiye dobi bwana, chagua!"

Video ikawa ya dakika thelathini na nne. Waliituma, na jibu likaja siku iyo hiyo, jua halijazama, maneno mawili tu: Sasa nimezaliwa. Mke wa Nyoosha aliyasoma kwa sauti, akajipangusa macho na ncha ya kanga, akasema kwamba vitunguu vya siku hizi vikali.

Nyoosha akaanza kuifunga kompyuta. Kaka yake hakuinuka.

"Washa simu."

"Imeshakwenda, kaka. Ameshaipata."

"Nimesema washa. Ya mjukuu imekwisha." Akakisogeza kiti chake mwenyewe, kikatazama dirisha. "Nilikuwa na miaka minane ulipozaliwa wewe. Nilikuwapo. Mama ameondoka, baba ameondoka, nimebaki mimi tu n-ninayejua, na wewe hujawahi kuniuliza."

"Ulisema mara moja tu."

"Unarekodi au hurekodi?"

Nyoosha akaisimamisha simu, akaona taa nyekundu imewaka, kisha akaiacha ijitegemee. Akavuta kigoda akaketi mbele ya kaka yake, karibu, magoti yao yakikaribia kugusana.

Fundi saa alivuta pumzi, akafungua mdomo, akakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Vidole vikaanza kupiga goti. Huko nje mtu aligonga kengele ya baiskeli akiomba njia, akapita. Nyoosha aliinama mbele, macho usoni pa kaka yake. Hakujua neno lenyewe lingekuwa lipi. Alijua tu kwamba linamhusu yeye.