Mawifi wawili wa Chilangala na mashine ya kupiga picha ubongo

Moshi wa korosho unafuka Chilangala, wilayani Newala, na Dorika Silvesta anacheka. Amekaa upande unakotoka upepo, kigongo mkononi, anabangua. Msimu uliopita, siku ya kuchoma korosho kama leo, angekuwa kitandani, dirisha limezibwa kwa kanga.

Anaugua kipandauso tangu usichana, na moshi wa korosho ndio unaokiamsha. Upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga unachoma macho, chakula hakikai tumboni. Kila aliposhindwa kwenda kazini, wifi yake Getrude, mbanguaji mwenzake, alikuwa na maneno.

"Nilisema anatega," Getrude anakiri, wala haoni aibu sana. "Kichwa gani hicho kinauma siku ya kuchoma tu?"

Kikundi chao kikatoa onyo: akikosa tena, nafasi yake apewe mwingine.

Ndipo watafiti wakafika Newala kutafuta wanawake wenye kipandauso wa kupigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI, Dar es Salaam. Dorika alijiandikisha papo hapo. Ila kila mgonjwa alitakiwa aende na mwanamke wa rika lake asiyeumwa kichwa, ili bongo zilinganishwe. Dorika akamtaja Getrude. Waliokuwepo wanasema Getrude alikosa pa kutazama.

"Umelala, hutikisiki, mashine inagonga ta-ta-ta," anasimulia Getrude. "Kichwa changu kizima, lakini nilitaka kukimbia. Nilipotoka nikamuuliza, wifi, ndivyo kinavyogonga chako? Akanijibu, afadhali hiyo ya mashine, inazimwa."

Dorika aliomba picha yake akawaoneshe wenzake. Mtafiti, Dokta Nurdini, akamweleza kwamba picha ya mtu mmoja haithibitishi maumivu. Wanalinganisha bongo za watu wengi, waone kama kipandauso kinabadilisha umbo la sehemu fulani.

"Nilirudi mikono mitupu, nimevunjika moyo," anasema Dorika.

Kwenye kikao cha kikundi, aliyesimama ni Getrude. "Picha hatuna. Lakini mimi nimelala mle ndani, nawaambia huyu anaumwa."

Dorika akabaki kazini, na karai la kuchomea likahamishiwa upande unakoelekea upepo, moshi usimfikie. Na hapo wanawake wawili, waliokuwa wakijikaza miaka yote, wakasema kumbe nao wanaumwa vilevile.

Dorika anapanga kuwapeleka kwa watafiti msimu ukiisha. Sharti lake ni moja tu.

"Kila mmoja aje na wifi yake."