Kamera ya Kumpigia Picha Mama Mkwe

Juzi dukani Itigi nilimkuta fundi wa reli akichagua kamera yake ya kwanza. Mzee mwenye duka alimsifia ile ya kuweka jichoni, kama ya Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya. Jamaa akaijaribu, akaishusha upesi.

"Hapana, mzee. Nataka kumpiga picha mama mkwe kule Mungaa. Nitamkodoleaje macho?"

Akachukua ile ya sanduku, ambayo kioo chake cha kutazamia kiko juu. Akaishikilia tumboni, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mwenye duka akaitikia, kisha akajishtukia.

Nilimvulia kofia kijana yule. Nanyi wasomaji mnaolalamika kwamba katika kila picha mama mkwe kageuza uso, dawa iko Itigi, na inashikwa tumboni.