Mzungu wa Kwanza Katika Ukoo Wetu

Ndani ya basi la kutoka Columbia Heights, huku ughaibuni, nesi mmoja aliruka kitini nikadhani amechomwa sindano. “Mama! Majibu ya DNA yamekuja!”

Mama yake, mgeni kutoka Machakos, hakugeuka. Tangu wapande alikuwa akimkanya binti juu ya mchumba wake, mzungu wa mji jirani wa Blaine. “Damu yetu haijawahi kuchanganyika.”

“Sikia basi! Baba yake nyanya yako alikuwa mwanajeshi Mwingereza. Alitumikia India, kisha akaja kwetu wakati reli ikijengwa. Jamaa zake wa Uingereza waliopimwa pia wameweka hadi picha yake humu!”

Mama akainyakua simu, akaikuza picha mpaka ikabaki pua tupu. Akaigusa ya kwake. “Uwi! Hii ni pua ya marehemu baba!” Akacheka hadi kilemba kikamtoka, akatuonyesha abiria wote.

Nikajua harusi imepata baraka. Ghafla akamshika binti mkono.

“Mpigie huyo kijana sasa hivi. Muulize ni wa ukoo gani, isije ikawa ni ndugu yetu.”

Kwa vituo vitatu tu, mtoto wa watu alitoka kuwa mgeni mno akawa ndugu mno. Namwombea apate nafasi hapo katikati.