Kisanduku Kilichonyamaza Chisenga

Baada ya ugonjwa uliomwangusha msimu wa mvua, kaka yangu alibaki na neno moja tu mdomoni: bon. Ni neno la Kifaransa, kama "haya" au "sawa", ambalo sisi tuliotoka Kongo tunalitupa katikati ya mazungumzo bila hata kulisikia, kabla ya kuanza habari au baada ya kuimaliza. Maneno mengine yote yaliondoka, ya Kiswahili, ya Kibemba, na kile Kifaransa cha shule, pamoja na nguvu za mkono wa kulia. Ukimuuliza kama amekula, bon. Ukimwambia jirani amefiwa, bon. Akikasirika lilikuwa bon vilevile, ila lilitoka kama mtu anayepiga meza.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na kibanda sokoni hapa Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, akitengeneza redio na simu, na watu walikaa pale hata wakati hawana cha kutengeneza. Tulivuka ziwa pamoja tukiwa vijana, na yeye ndiye aliyenifundisha gitaa. Mimi hununua chisense, dagaa wetu wa Mweru, kutoka kambi za wavuvi na kuwauzia wenye malori. Jumapili napiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisa letu, nusu yetu Wakongomani, nusu Wazambia.

Pedali ninayoikanyaga ninapopiga aliitengeneza yeye. Kwa asiyeijua, ni kisanduku kinachokaa chini kati ya gitaa na ampli, ile mashine ya kukuza sauti. Ukikibonyeza kwa mguu, sauti ya gitaa inakuwa nene na yenye mkwaruzo, noti moja inavutwa mpaka mtu anayeomba anafumbua macho. Za dukani zipo, lakini hakuna duka la aina hiyo huku kwetu. Kaka alikata bati la redio ya gari iliyokufa, akalikunja likawa sanduku, akaweka ndani vipande alivyovinyofoa kwenye redio za zamani, na chini akafunga kifuniko kwa skrubu. Ilichukua muda mrefu sana. Kila alipoijaribu alisema bado inapiga kelele kama bata, anaifungua tena. Siku iliyomridhisha aliniita kibandani akanifanya nipige mpaka soko lote likatujia.

Basi kwaya yetu ilialikwa kwenye ndoa kisiwani Chisenga. Tulipanda boti na vyombo vyetu vyote, spika zikiwa zimefungwa kwa plastiki. Tulipokaribia kambi ya wavuvi ya kisiwani, wimbi la pembeni lilituinua, spika kubwa ikaanguka juu ya begi langu, na begi likazama katika maji machafu yaliyokuwa yamejaa chini ya boti. Gitaa nilikuwa nimelishika mikononi. Pedali ilikuwa ndani ya begi.

Niliifuta kwa shati na kuiacha juani wakati akina mama wanapika. Bwana harusi na bibi harusi walipoingia, tulianza vizuri. Ilipofika sehemu yangu nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena, gitaa likarudi, safi na jembamba kama kawaida. Kila nilipowasha pedali, sauti ilikatika. Kila nilipoizima, ilirudi. Watu walicheza hata hivyo, vumbi likapanda, hakuna aliyelalamika isipokuwa mpiga besi aliyenitazama kwa jicho la kuuliza. Lakini mimi nilijisikia kama mtu aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya watu akakuta sauti imemkauka.

Niliporudi Nchelenge nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Mke wake, mulamu wangu, yaani shemeji, ni mwenyeji wa Kabuta, mwanamke asiyepoteza muda. Alikuwa anatwanga mihogo.

"Ba mulamu, karibu," aliniambia. "Eko kule mbele, anaangalia bantu wanapita."

Kaka alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kibarazani, mkono wa kulia ukiwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza. Niliweka pedali mezani.

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "inakufa. Ilianguka mu bwato, maji iliingia."

"Bon?" Alinyoosha mkono wa kushoto, akaigeuza, akainusa. Kisha akanionyesha ndani ya nyumba kwa kidevu. Nilielewa. Nikaleta ampli yake ndogo, sanduku la vyuma vyake na chupa ya spiriti.

Nilipofungua kifuniko, maji kidogo yalimwagika na harufu ya samaki ikatoka. Waya za betri zilikuwa zimeanza kuota ukijani. Kaka aliichomoa betri na kuigusisha ulimi wake, upande wa kulia. Alisubiri. Akaihamishia upande wa kushoto, na hapo uso ukamkunjamana kwa ule mwasho wa umeme. Betri ilikuwa nzima. Ni upande wa ulimi uliokuwa haujibu. Tulitazamana, kisha yeye akacheka kwanza, nami nikacheka.

Nilisugua kila kitu kwa mswaki na spiriti, nikakiacha kikauke, nikafunga kifuniko na skrubu zake, nikajaribu. Kimya. Nikafungua, nikasugua swichi, nikafunga, nikajaribu. Kimya kilekile.

"Bon," alisema kaka.

"Labda transista ya kwanza inakufa," nikasema. Hicho ni kile kidude chenye miguu mitatu kinachokuza sauti, na ndicho nilichokijua kwa jina.

"Bon. Bon, bon!"

Nikachukulia kwamba amekubali. Nikapasha moto chuma cha kuyeyushia risasi, nikaanza kuing'oa. Transista ilikuwa ya zamani, na mguu wake mmoja ukakatika mkononi mwangu. Kaka alipiga meza kwa kiganja hadi chupa ya spiriti ikaanguka. Mulamu akaacha mchi wake na kuja.

"Alikuwa anakatala," aliniambia. "Haukusikia?"

"Alisema bon."

"Bon ya kukubali inashuka. Ile ya kukatala inapanda. Weye unamusikiaka vibaya." Alimfuta kaka jasho usoni kwa kitenge chake. Kaka alikuwa ameangalia upande mwingine, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Muache apumuzike. Utarudia kesho."

Niliondoka nikipita njia ya ufukweni. Nilifikiri juu ya miezi ile yote tuliyomsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba masikio ndiyo yaliyougua. Wageni walimjia, wakasema habari zao, wakajibiwa bon, wakaaga. Kumbe ndani ya neno lile moja alikuwa anapandisha na kushusha kwa uangalifu mkubwa, na katika nyumba nzima ni mke wake peke yake aliyekuwa akisikiliza.

Kesho yake nilirudi na transista niliyoitoa kwenye redio kuukuu ya mvuvi mmoja. Kaka aliitazama bila furaha, lakini alisogeza kiti karibu na meza. Niliichomelea mahali pake. Nilipochukua kifuniko nikifunge, alinishika mkono.

"Bon." Ilipanda. Safari hii niliisikia.

"Nisifunge?"

"Bon." Ilishuka.

Alichagua waya mrefu kwenye sanduku la vyuma, akanionyesha ncha yake moja, kisha ampli. Nikaiunganisha. Kwenye ncha nyingine alinionyesha niweke kapasita ndogo, kidude kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa betri, na mguu wake ulioachwa wazi ukawa kama kidole. Kisha akanionyesha gitaa na kunigusa kifuani: piga. Yeye akashika ule waya kwa mkono wa kushoto, tayari kugusa ndani ya pedali, sehemu moja baada ya nyingine. Hapo nikaelewa. Alitaka kuifuata sauti tangu inapoingia mpaka pale inapopotelea. Mahali inapopotelea ndipo penye ugonjwa.

Nilipiga kile kilichokuja vidoleni chenyewe, wimbo wetu wa matoleo, ambao yeye aliutunga miaka ya mwanzo tulipofika huku. Akagusa mlango wa kuingilia: sauti ipo. Akasogea: ipo. Akagusa upande wa pili wa transista mpya, na spika ikanguruma, nene, yenye mkwaruzo. Nilitaka kusimama nimwambie, lakini alinitikisia kichwa niendelee. Nikarudia ubeti toka mwanzo.

Ndipo nikasikia mtu anaimba.

Sauti ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, na sikuijua mara moja. Kaka alikuwa ameinama juu ya pedali, macho yakifuata ncha ya waya, na mdomo wake ulikuwa unatoa maneno. *Tulivuka na mikono mitupu, Bwana ukatupokea.* Yote yalikuwa yamekaa mahali pake, "tulivuka", "mikono", "ukatupokea", na lile neno la Kibemba alilolichomeka kwenye kiitikio ili wenyeji wacheke. Hakuonekana kujua anachokifanya. Alikuwa kazini tu, kama zamani kibandani, alipokuwa na tabia ya kuimba huku akichomelea.

Mulamu alikuwa ametokea mlangoni, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi. Vidole vyangu vikasimama vyenyewe. Na gitaa liliposimama, kaka naye akaacha kuimba, katikati ya neno.

"Yaya," nikamwambia. "Sema tena."

Alinyanyua kichwa. Nikaona amejisikia akiimba. Alifungua mdomo, akautafuta ulimi, shingo ikamkakamaa. "Bon," alisema. "Bon. Bon."

"Usiache!" mulamu alinikemea. "Piga! Piga tena ile!"

Nikapiga, na maneno yakarudi. Nilipiga ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, nikarudia, nikiogopa kunyamaza. Kaka aliuweka waya chini akaimba akiwa ametazama barabara, machozi yanashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli za samaki walisimama. Mulamu aliketi sakafuni palepale kizingitini, mwiko bado mkononi, akaitikia sauti ya pili. Bukari ya siku hiyo iliungua.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilijaribu kumtega: namalizia ubeti, namuuliza swali kwa haraka. Haikusaidia. Nje ya wimbo, maneno hayakuwepo. Ndani ya wimbo yalikuwa yamekaa kama hakuna kilichotokea.

Aliyetukumbusha pedali ni yeye. Aliigonga kwa kidole. Nikaunganisha waya zote kama kawaida, nikakanyaga ikiwa wazi juu ya ubao: inaunguruma vizuri. Nikafunga kifuniko. Kimya.

"Fungula," alisema mulamu. Nikafungua. Sauti. "Funga." Kimya. Alinipokonya kifuniko, akakipitisha kiganja, akakiinua usawa wa jicho. "Hapa iko ya kubonyea."

Ilikuwa kweli. Spika ilipoangukia begi ilikibonyeza kifuniko kwa ndani, na kila kilipofungwa, kile kibonyeo kiligusa tone la risasi pale sauti inapotoka kwenda kwenye ampli, nayo ikamezwa na sanduku. Maji hayakuwa na kosa kubwa, na transista niliyoivunja ilikuwa nzima. Jana yake kaka alikuwa akinikataza kuigusa transista, nami, baada ya kufunga kifuniko mbele ya macho yake mara mbili bila kukichunguza, nikaanza kumng'olea vitu. Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa. Kicheko hakikuwa kimeondoka na maneno.

Mulamu alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakinyoosha kile kibonyeo kwa nyundo, tukaugandisha mpira upande wa ndani. Nikafunga. Nikakanyaga. Ikanguruma.

Wiki iliyofuata mulamu alimpeleka kliniki akamweleza muuguzi. Muuguzi hakushangaa sana. Alisema amewahi kuona mgonjwa wa namna hiyo, kwamba huenda kuimba na kusema havikai mahali pamoja kichwani, na kwamba tusimdanganye kuwa yote yatarudi. Alimshauri mulamu ajaribu kumwombesha vitu kwa tuni. Mulamu alichukua ile tuni ya matoleo akaiwekea "leta maji". Wiki nyingi haikutoka. Siku moja alikuwa nyuma ya nyumba anafua, akasikia mtu anaimba "maji" kibarazani, neno hilo tu, kwa tuni iliyopinda. Anasema alimpelekea ndoo nzima.

Sasa ana maneno machache ya aina hiyo. "Maji", "kulala", na jina la mke wake, ambalo humwimbia hata pasipo haja. Siku za mazoezi namchukua, tunamketisha karibu na ampli, na anaimba beti zote pamoja nasi. Wimbo ukiisha, wenzake wanaanza kupiga soga na yeye ananyamaza, anaangalia mikono yao. Sehemu hiyo bado ni ngumu kuitazama. Nimejifunza kutoanza soga haraka, na kusikiliza kama bon imepanda au imeshuka.

Pedali haikurudia sauti yake ya zamani. Hii transista ya redio ya mvuvi ni kali zaidi, ina kama pilipili ndani. Vijana wa kwaya wanaipenda. Kaka haipendi kabisa. Kila ninapokanyaga anakunja uso na kunionyesha soko kwa kidevu, maana yake nikatafute nyingine. Natafuta. Jumamosi napita kwa mafundi, napekua maboksi ya redio zilizokufa, napeleka nilichopata, yeye anakitazama, anakigeuza kwa mkono wa kushoto, na mpaka leo kila bon niliyoipata imepanda.